Nahodha Aliyekataa Nauli

*Usalama wa matembezi ya majini huamuliwa nchi kavu, kabla kamba haijafunguliwa. Lakini ni nani alipaye gharama ya siku ambayo chombo hakikutoka?*

LUBUMBASHI – Kulikuwa kumekwisha pambazuka, na ukungu ulikuwa ungali umeyafunika mafunjo ya ukingoni mwa ziwa Tshangalele, upande wa Kapolowe, wakati vijana kumi na wawili waliotoka Lubumbashi usiku, wenye makreti ya vinywaji, spika kubwa ya muziki, na furaha ya watu waliojipatia Jumapili moja baada ya majuma mengi ya kazi, walipomwendea mzee mwenye mashua ya mbao na injini ndogo, wakamtaka awatembeze ziwani hadi saa nane za mchana.

Mzee aliwatazama watu, akaitazama mashua, kisha akageuka akatazama mashariki, ambako wingu moja jeusi lilikuwa limelala chini chini bila ya kusogea. Akawajibu kwa upole kwamba siku hiyo hatoki. Na hata kama angetoka, mashua yake huchukua watu saba.

Wakamwita Papa, kama tunavyowaita wazee hapa kwetu, wakaongeza nauli, akakataa. Wakaongeza tena, akatikisa kichwa, akaketi juu ya tezi ya chombo chake. Mwenzake aliyekuwa amefunga mashua hatua hamsini kutoka hapo akawaita, akawapakia wote kumi na wawili pamoja na makreti na spika, wakaondoka wakiimba. Jile za kuokolea zilizokuwamo, ambazo nilizihesabu kwa macho yangu, zilikuwa nne, na zote zilikuwa zimekaliwa.

Dhoruba haikuja. Wingu lile lilikwenda zake kunyesha mahali pengine, jua likawaka, na saa nane vijana walirejea wakavu, wakampungia mkono yule mzee, ambaye alikuwa ameshinda pale akikumba maji ya ngama kwa kopo lililokatwa, pasipo kupata hata faranga moja.

Kisa hiki hakina maiti wala kilio, na ndiyo sababu nimekifanya kuwa mlango wa makala haya. Magazeti yetu huandika habari za siku chombo kilipozama, lakini siku nahodha aliposema hapana hupita bila ya kuandikwa, ilhali siku hiyo ndiyo yenye elimu. Kila nilipofuatia habari za ajali za vyombo vya starehe, za karibu na za mbali, nilirudishwa mahali pale pale: ukingoni, kabla ya kamba kufunguliwa, penye mtu mmoja ambaye mfuko wake wamwambia aende na akili yake yamwambia akae.

Watu wa shaba na maji wasiyoyajua

Lubumbashi ni mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na reli, na mtoto aliyekulia mtaa wa Kenya au wa Katuba huujua mlima mweusi wa taka za shaba na bomba lake refu kabla hajaona maji mengi kuliko yale ya ndoo. Maziwa tuliyo nayo karibu ni madogo, na mengine yalifanywa kwa mikono ya watu.

Tshangalele yenyewe si ziwa la tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Lilipatikana pale mto Lufira ulipozibwa huko Mwadingusha, karibu na mwaka 1930, ili umeme upelekwe kwenye viwanda vya shaba. Bonde zima likafunikwa pamoja na miti na vichuguu vyake. Maji yake ni ya kina kifupi mahali pengi, na watu wa mjini hudhani kwamba ufupi huo ni amani.

Sivyo. Upepo ukivuma juu ya maji ya kina kirefu huinua mawimbi marefu, ambayo chombo hupanda na kushuka kama mtu apitaye vilimani. Bali ukivuma juu ya maji mafupi, mawimbi husongamana, yakawa mafupi, yenye kusimama wima na kufuatana kwa haraka, hata mashua ndogo haipati nafasi ya kuinua omo yake kabla ya wimbi la pili kuingia. Ziwa Mweru, ambalo wenzetu wenye magari huliendea kwa njia ya Kilwa na Pweto, lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 5,000, na kina chake cha wastani hakizidi mita chache. Ni ziwa la kuheshimiwa.

Tanganyika ni jambo lingine kabisa. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670, kina chake hufika mita 1,470, na katika kiangazi upepo wa kusini mashariki hulipitia kwa urefu wake wote bila ya kukuta kizuizi. Mtu aliyepanda mashua pale Moba au Kalemie ili apige picha za machweo amepanda, kwa hakika, bahari.

Usiku wa Mutambala

Wasomaji wa makamo wataikumbuka Disemba ya mwaka 2014, wakati Katanga ilikuwa ingali jimbo moja na Lubumbashi ndiyo makao yake. Chombo kiitwacho Mutambala kilitoka Kalemie kuelekea Uvira, kikiwa kimejaa watu na shehena kupita kiasi, kikapinduliwa na upepo mkali usiku wa tarehe 11. Waziri wa uchukuzi wa jimbo alitangaza maiti 129 na watu 232 waliookolewa.

Mutambala hakikuwa chombo cha starehe, na yamkini msomaji ataniuliza kwa nini nakitaja katika makala ya matembezi. Nakitaja kwa sababu maji hayaulizi madhumuni ya safari. Mfanyabiashara wa dagaa na bibi arusi aliyekwenda kupigwa picha hupimwa kwa mizani moja, na kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi: yule wa dagaa amepanda kwa lazima, maana barabara haipo au haipitiki, hali huyu wa picha angeweza kabisa kubaki nchi kavu. Hakuna hasara yoyote ya haki anayopata mtu wa starehe akiambiwa rudi kesho.

> Maji hayaulizi madhumuni ya safari. Mfanyabiashara wa dagaa na bibi arusi hupimwa kwa mizani moja.

Sherehe ya Templar

Kisa kilicho karibu zaidi na Jumapili zetu kilitokea Uganda. Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, jioni, chombo cha starehe kilichojulikana kwa jina la Templar kilipinduka katika ziwa Viktoria, mbele ya pwani ya wilaya ya Mukono, kikiwa na watu ambao polisi walikadiria kuwa zaidi ya 100, waliokuwa wakielekea kwenye karamu ya mwisho wa juma. Waliokufa walizidi 30, na miongoni mwao alikuwamo mwenye chombo mwenyewe pamoja na mkewe.

Walikuwa watu wa mjini, vijana wenye kazi na elimu, waliovaa vizuri, wenye simu mikononi. Yaliyodhihirika baadaye ni mambo ya kusikitisha kwa jinsi yalivyokuwa mepesi kuyajua mapema: chombo hakikuwa na leseni halali, hali yake ilikuwa mbovu, kilijazwa kupita kiasi chake, na jile zilipotajwa wengi hawakuona haja ya kuzivaa juu ya nguo zao za sherehe.

Wavuvi walioitikia kilio walikuja na mashua zao ndogo gizani. Watu waliokuwa wakifa maji waliziparamia kwa wingi, hata baadhi ya waliokuja kuokoa nao wakapinduliwa. Sijui jambo lenye kuumiza moyo kuliko hilo, kwamba kosa la mtu mmoja aliyehesabu noti badala ya kuhesabu vichwa lilimfuata hata mvuvi masikini aliyekuwa akila chakula chake cha jioni.

Na ieleweke kwamba ajali ile haikutokea katika nchi isiyo na habari za maji. Miezi miwili tu kabla yake, tarehe 20 Septemba, katika ziwa hilo hilo upande wa Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilichokuwa na idhini ya kuchukua watu 101 kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Afrika Mashariki nzima ilikuwa ingali katika matanga, na bado Templar kikajazwa.

Uzani wa binadamu

Watu wengi huamini kwamba chombo huzama kwa kuwa kizito. Mabaharia wa pwani walijua zamani kwamba chombo kitupu nacho ni hatari, ndiyo maana walitia farumi, mawe au mchanga, chini kabisa ya ngama, ili uzani ukae chini na chombo kisimame imara kikisukumwa na upepo. Jambo kubwa ni mahali uzani ulipo, na kama umetulia au unatembea.

Abiria ni shehena inayotembea. Akisimama, uzani hupanda juu. Akicheza ngoma, uzani huyumba pamoja na ngoma. Na mtu mmoja akipiga ukelele kwamba ameona kiboko upande wa kulia, watu ishirini hukimbilia kulia, na chombo kilichokuwa salama dakika moja iliyopita kikawa kimelala ubavu.

Nipendacho kueleza zaidi ni habari ya Ethan Allen, mashua ya watalii iliyopinduka katika ziwa George, katika jimbo la New York, tarehe 2 Oktoba 2005, kwa sababu inaondoa ile faraja ya kudhani kwamba makosa haya ni ya masikini peke yao. Siku ilikuwa nyeupe, maji yalikuwa matulivu, nahodha alikuwa na cheti, na abiria, ambao wengi wao walikuwa wazee, walikuwa 47 katika chombo kilichoidhinishwa kuchukua 48. Hapana sheria iliyovunjwa katika hesabu hiyo.

Walakini idhini yenyewe ilikuwa imejengwa juu ya hesabu ya kale, iliyomkadiria kila abiria kuwa na kilo 64 hivi, na waliopanda siku ile walikuwa, kwa wastani, na kilo 80. Tena paa la turubai lilikuwa limeondolewa, likawekwa paa gumu lililo zito zaidi, bila ya chombo kupimwa upya. Wimbi la chombo kilichopita likakiinamisha. Wazee waliokuwa wameketi juu ya mabenchi marefu yasiyogawanywa wakateleza wote upande mmoja. Nacho kikapinduka kwa muda mfupi kuliko muda wa kusoma aya hii. Walikufa 20. Jile zilikuwamo chomboni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameivaa.

Naomba msomaji alitafakari jambo hilo mara nyingine atakapoona mashua ya kule kwetu iliyoongezwa paa la bati ili kuwakinga wageni na jua, na juu ya paa hilo pakawekwa spika na makreti. Hakuna aliyeipima upya.

> Abiria ni shehena inayotembea. Akisimama, uzani hupanda juu. Akicheza ngoma, uzani huyumba pamoja na ngoma.

Na kuna jambo la pili kuhusu paa. Jile humwinua mtu juu. Lakini juu pakiwa na paa, na pande zote pakiwa na mapazia ya nailoni yaliyofungwa kwa ajili ya mvua, humbandika mtu darini hali chombo kinashuka. Uchunguzi wa ajali ya mashua ya watalii huko Arkansas, mwaka 1999, iliyoua watu 13, ulitoa nasaha kwamba mapaa ya namna hiyo yaondolewe. Nasaha haikufuatwa na wote.

Tiketi iliyokwisha nunuliwa

Miaka 19 baadaye, tarehe 19 Julai 2018, chombo cha jamii hiyo hiyo, kiendacho barabarani na majini, kilizama katika ziwa Table Rock, karibu na Branson, jimbo la Missouri. Kilikuwa na watu 31. Walikufa 17, tisa kati yao wa ukoo mmoja. Kilikuwa na paa.

Onyo la tufani lilikuwa limekwisha tolewa kabla chombo hakijaingia majini. Kawaida ya safari ile ilikuwa kuwatembeza wageni nchi kavu kwanza, kisha ziwani. Siku ile mpango uligeuzwa, waanze na maji, ili wayawahi kabla ya tufani. Abiria walioneshwa mahali jile zilipo, wakaambiwa hawatazihitaji.

Hapa ndipo ninapouona ugonjwa wenyewe. Hakuna mtu aliyewatakia wageni wale mauti. Kulikuwa na ratiba, na tiketi zilizokwisha lipiwa, na hofu ya kuzirudisha fedha. Na mambo hayo matatu yakikutana na wingu jeusi, aghalabu wingu ndilo linaloshindwa.

Katika meli kubwa za kitalii jambo hilo huzidi. Tarehe 9 Disemba 2019 kisiwa cha volkano cha Whakaari, huko Nyuzilandi, kililipuka wakati watu 47 walikuwa juu yake, wakafa 22. Wengi wa wageni hao, 38, walikuwa wameshuka siku hiyo kutoka katika meli Ovation of the Seas, wakapelekwa kisiwani kwa mashua. Majuma matatu kabla yake wataalamu wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha pandisha daraja la tahadhari ya mlima ule. Matembezi yaliendelea.

Msafiri wa meli ya namna hiyo hulala ndani ya chombo kinacholindwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotungwa kwanza mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, ambao unailazimisha meli ya abiria kuwa na jile kwa kila mtu na ziada juu yake, na ambao, baada ya msiba wa Costa Concordia wa mwaka 2012, ulikazwa ili mazoezi ya kujiokoa yafanywe kabla meli haijaondoka au mara iondokapo. Asubuhi anashuka bandarini Unguja, anapanda mashua ndogo ya kwenda kisiwa cha Changuu kutazama kobe, au ya Kizimkazi kuwafuata pomboo, na kwa hatua ile moja, kutoka ngazi ya meli hadi ubao wa mashua, ametoka katika sheria moja akaingia katika nyingine. Jua ni lile lile na tabasamu za wenyeji ni zile zile, naye hafahamu kwamba amevuka mpaka.

Mtu wa Lubumbashi naye huvuka mpaka huo. Katika basi la Likasi hujua kulalamika dereva akikimbiza gari, kwa kuwa barabara anaijua. Akifika ziwani hunyamaza kimya, kwa kuwa hajui ni jambo gani la kulalamikia, na heshima ya mgeni humzuia kuuliza.

Madai ya wenye mashua

Ingekuwa dhuluma kuandika haya yote bila ya kuwasikiliza wale wanaoishi kwa mashua zao. Nimeketi nao ukingoni, na hoja zao si za kipuuzi.

Wanasema kwamba jile nzuri ni ghali, kwamba zile za bei nafuu zinazouzwa sokoni ni sponji iliyoshonewa kitambaa, inywayo maji ikawa mzigo, na kwamba hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuja kuwafundisha kuzitambua. Wanasema kwamba wakaguzi huja, lakini huja kutoza, na karatasi ya mmoja haimzuii mwingine kudai yake. Wanasema, na hili ndilo linalonigusa zaidi, kwamba wageni wenyewe ndio wanaokataa kuvaa, kwa kuwa jile zanuka jasho la watu wengine na zinaharibu picha.

Upande wa pili wako wale wanaotaka sheria kali: mashua isiyo na jile za kutosha ichukuliwe, nahodha mlevi afungwe, matembezi ya usiku yapigwe marufuku kabisa. Nami sina neno la kupinga hapo. Tatizo ni kwamba amri zimekwisha kuwako. Mwezi wa Aprili 2019, baada ya chombo kuzama katika ziwa Kivu upande wa Kalehe na watu wapatao 150 kutoweka, Rais Félix Tshisekedi alikwenda huko mwenyewe, akaagiza kwamba jile iwe lazima kwa kila abiria.

Tarehe 3 Oktoba 2024, katika ziwa hilo hilo, chombo kiitwacho Merdi kilichotoka Minova, kikiwa kimejaa watu ambao vita vilikuwa vimewafungia njia ya barabara, kilifika mbele ya bandari ya Kituku, mjini Goma, kikalala ubavu na kuzama, watu wa ufukoni wakitazama kwa macho yao. Makumi walikufa mkabala wa gati. Amri ya jile ilikuwa na umri wa miaka mitano na nusu.

Kuna na wa tatu, ambao si wenye mashua wala si watu wa sheria, nao ni wengi kuliko wote: wale wasemao kwamba ajali haina kinga, na siku ya mtu ikifika imefika. Nawaheshimu kwa imani yao, ambayo ni yangu pia. Lakini Mola aliyeandika ajali ya mtu ndiye aliyempa macho ya kuona wingu, na sioni utiifu wowote katika kuyafumba. Umoja wa Mataifa, mwezi Aprili 2021, ulipitisha azimio la kwanza katika historia yake mintarafu ya watu kufa maji, na kuiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kulikumbuka jambo hilo. Hesabu za Shirika la Afya Duniani zaonesha kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka, wengi wao katika nchi kama yetu. Idadi hiyo hupungua pale watu wanapofundishwa kuogelea na vyombo vinapokaguliwa.

> Amri ya jile ilikuwa na umri wa miaka mitano na nusu siku Merdi ilipozama mbele ya Kituku.

Mambo ya kuuliza kabla ya kupanda

Sitaki kumwacha msomaji na huzuni mikononi bila ya kifaa. Atakapofika ukingoni, amuulize nahodha mashua yake huchukua watu wangapi, kisha ahesabu vichwa yeye mwenyewe, akiwamo nahodha na msaidizi wake, na watoto wahesabiwe kuwa watu. Aitazame ngama: maji yaliyokusanyika chini huteleza upande ule ule ambao chombo kimeinamia, yakauongezea uzito, kwa hiyo chombo kisichokumbwa maji kabla ya safari si cha kupandwa.

Jile avae akiwa nchi kavu, afunge kamba zote, na kwa mtoto ahakikishe kwamba ukanda wa katikati ya miguu upo, maana bila ya huo jile hupanda ikamtoka kichwani, mtoto akabaki chini. Aibonyeze kwa vidole: ile iliyokauka ikawa ngumu, au inayovuja maji kama sifongo, haina kazi. Vinywaji vya kulevya vingoje ufukoni. Na ikiwa kuna paa, aketi ukingoni mwake, mapazia yote yakiwa yamefunguliwa.

Haya ni mepesi. Lililo zito ni la fedha, nalo lamhusu kila mmoja wetu aendaye kutafuta starehe. Maadamu nahodha anayesema hapana hurudi nyumbani mikono mitupu, na anayesema ndiyo hurudi na nauli ya watu kumi na wawili, tunamlipa kila Jumapili yule wa pili ili awe mwalimu wa vijana wanaoinukia katika kazi ile. Nikiwauliza rafiki zangu wa mjini kama wangekubali kulipa sehemu ya nauli kwa safari iliyoahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, hucheka kwanza. Kisha baadhi yao hukaa kimya, wakifikiri.

Nusu ya nauli

Nilirudi Kapolowe Jumapili nyingine, safari hii pamoja na watoto wangu, ambao nilikuwa nimewaahidi ziwa tangu mwanzo wa muhula. Nilimkuta Papa yule yule, juu ya tezi ile ile. Upepo ulikuwa mdogo, lakini mafunjo ya mbali yalikuwa yanalala na kuinuka kwa namna ambayo mimi nisingeiona kama asingenionesha kwa kidole. Akaniambia kwamba leo, mwanangu, hatuendi.

Nilitoa nusu ya nauli tuliyopatana, nikampa. Aliitazama, akanirudishia, akaniambia kwamba hajafanya kazi. Nikamwambia ameifanya. Tulishindana kidogo, kama watu wazima wanavyoshindana kwa adabu, hata akakubali kwa sharti kwamba tusiondoke kabla ya kula.

Wenyeji wa nyumbani kwake wakasonga bukari, wakakaanga samaki wa asubuhi ile. Binti yangu mdogo alikuwa amenuna, hataki kusema na mtu. Mzee akaenda ndani ya kibanda, akatoka na jile ndogo ya rangi ya machungwa, akamvisha, akafunga kamba za kifuani, akaupitisha ukanda wa miguuni na kuuvuta mara mbili, kisha akamnyanyua akamketisha katikati ya mashua iliyofungwa kwenye mti, yenye maji ya kufika magotini chini yake. Akakaa humo, ameshika mbao kwa mikono miwili, mashua ikimpandisha na kumshusha kidogo kidogo, mpaka alipoitwa kuja kunawa.